Karatasi za mkandarasi: namna ya kuzipata ukiwa Lubumbashi

Mfereji ukichimbwa Katuba, au shule ikijengwa upya kule Ruashi, wakaaji wanaona mashine, wanaona vumbi, na baada ya miezi wanaona kazi imesimama. Ukiuliza bei, urefu uliokubaliwa au tarehe ya kumaliza, fundi anakutuma kwa injinia, injinia anakutuma kwa kampuni, na kampuni inajibu kwamba hesabu zake ni siri ya biashara. Wengi wanaishia hapo. Wanarudi nyumbani wakinung'unika, na mvua za Novemba zinawakuta maji yakiingia hadi chini ya vitanda.

Kabla ya yote shika hili: karibu kila karatasi muhimu ambayo mkandarasi anaitunza kwa ajili ya kazi ya serikali, nakala yake iko katika ofisi ya serikali, kwa sababu bila nakala hiyo asingelipwa. Kwa hiyo usihangaike na geti la kampuni. Nenda kwenye ofisi iliyotoa kazi, na uitaje karatasi kwa jina lake. Ukiandika "tunaomba uwazi", barua itawekwa kando. Ukiandika "tunaomba décompte (hesabu ya malipo) namba 3 ya mkataba fulani", ni lazima mtu afungue kabati au aeleze kwa nini hafungui.

Sheria unazoegemea

Kongo haina sheria ya jumla inayosema raia aombe vipi karatasi ofisini, ajibiwe baada ya siku ngapi, na anayemnyima afanywe nini. Kenya inayo tangu 2016, na inazigusa hata kampuni binafsi zinazotumia mali ya umma au kutoa huduma ya umma. Ofisi ya serikali ikiombwa habari ina siku 21 za kujibu. Kwetu inabidi kuunganisha vifungu vilivyotawanyika. Ni kazi ya kuchosha, ila vifungu vipo, na barua inayovitaja kwa namba zake haipitiwi juujuu kama barua ya kulalamika tu.

Anza na Katiba ya tarehe 18 Februari 2006. Kifungu cha 24 kinasema kila mtu ana haki ya kupata habari. Kifungu cha 27 kinampa kila Mkongomani, awe peke yake au pamoja na wenzake, haki ya kupeleka ombi rasmi kwa mamlaka ya umma, nayo inapaswa kujibu ndani ya miezi mitatu. Na hakuna anayeweza kushitakiwa kwa sababu ya kupeleka ombi kama hilo. Wanaharakati wengi wanapenda kukitaja cha 24. Kwa kazi hii mimi nakitanguliza cha 27, kwa sababu kina muda ndani yake na kinamlinda anayesaini. Mama anayeogopa kuweka jina lake kwenye barua, msomee kifungu hicho kwa sauti, kwa Kiswahili.

Kisha sheria namba 10/010 ya tarehe 27 Aprili 2010, inayohusu mikataba ya serikali na wakandarasi, yaani marchés publics. Inafanya zabuni ya wazi kuwa ndiyo kawaida. Kumpa mtu kazi bila ushindani, gré à gré, ni jambo la pekee linalohitaji kibali. Chini ya sheria hiyo kila mamlaka inayotoa kazi inapaswa kuwa na kitengo kinachoitwa CGPMP, ambacho kinatayarisha zabuni na kufuatilia mkataba. Jina hilo liandike kwenye daftari lako, maana humo ndimo mafaili yanamolala. Juu yake iko DGCMP inayokagua kabla ya mkataba kusainiwa, na ARMP ya Kinshasa inayosimamia sekta nzima.

Kampuni ikijenga halafu ikajilipa kwa kuwatoza watumiaji, tazama sheria namba 18/016 ya tarehe 9 Julai 2018 kuhusu ubia kati ya serikali na watu binafsi. Mfano tulionao karibu ni barabara ya kwenda Kasumbalesa, ambako kampuni ya SOPECO imekusanya pesa za péage, yaani ushuru wa barabara, kwa miaka mingi. Mpango huo ulianza kabla ya sheria hii, lakini swali la raia halibadiliki: kila lori linalovuka kizuizi linaacha pesa, basi hesabu za makusanyo na za matengenezo ziko kwa nani?

Kongo pia imeridhia Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na za Watu, ambao kifungu chake cha 9 kinatoa haki ya kupata habari. Na kifungu cha 215 cha Katiba yetu kinaweka mikataba ya kimataifa iliyofuata utaratibu juu ya sheria za kawaida. Tume ya Afrika ya haki za binadamu iliandika sheria ya mfano mwaka 2013, na mwaka 2019 ikatoa tamko la kanuni. Vyote viwili vinasema haki hiyo inaweza kumfikia hata mtu binafsi: ya 2013 inataja kampuni zinazolipwa kwa pesa za umma au kufanya kazi ya umma, na tamko la 2019 linataja habari zinazohitajika kulinda haki ya mtu. Havimfungi hakimu wetu kama sheria, ila vinaonyesha kifungu cha 9 kinavyosomwa barani. Weka mstari mmoja juu yake kwenye barua, usiweke kumi.

Kama unachotafuta kinahusu vumbi, moshi au maji machafu, ongeza sheria namba 11/009 ya tarehe 9 Julai 2011 kuhusu mazingira. Nayo inatoa haki ya kupata habari.

Soma kibao kwanza

Nenda mahali pa kazi ukiwa na simu. Kwa kawaida mkataba wenyewe unamtaka mkandarasi asimamishe kibao, na kibao hicho ni ramani yako. Usikipige picha juujuu. Kila mstari wake unakutuma mahali.

"Maître d'ouvrage" ni mwenye kazi: wizara, jimbo, jiji au commune (wilaya ya mji). Huyo ndiye utakayemwandikia. Kukiwa na "maître d'ouvrage délégué", maana yake mwenye kazi amemkabidhi mwingine usimamizi, kama vile mashirika ya serikali ACGT, BCeCo au OVD, na mafaili mengi yatakuwa kwa huyo wa pili. Ndivyo ilivyo kwa PDL-145T, ule mpango wa maendeleo wa maeneo 145: utekelezaji uligawanywa kati ya PNUD (shirika la maendeleo la Umoja wa Mataifa), BCeCo na CFEF, kitengo cha wizara ya fedha. Kwa hiyo mtu wa Kipushi na mtu wa jimbo jingine wanaweza kuwa na shule za mpango mmoja, ila mlango wa kubisha ukawa tofauti. "Financement" inakuambia pesa zimetoka wapi, na utaona mbele kwa nini mstari huo unaweza kukuokolea miezi. "Mission de contrôle" ni ofisi ya mainjinia inayolipwa ili kumchunga mkandarasi. "Délai d'exécution" ni muda wa kazi, lakini muda huo unahesabiwa kuanzia amri ya kuanza, siyo siku kibao kilipowekwa.

Bei mara nyingi haipo. Andika kwamba haipo, pamoja na tarehe. Piga picha ya karibu inayosomeka, kisha nyingine ya mbali inayoonyesha nyumba au mti wa pale, ili asije mtu akasema ni kibao cha mahali pengine.

Kibao hakipo kabisa? Muulize shefu wa mtaa, kisha pita kwenye ofisi ya jimbo ya OVD ikiwa ni mfereji au barabara ya mjini, Office des Routes ikiwa ni barabara ya nje ya mji, REGIDESO ikiwa ni maji. Uliza swali moja tu: kazi hii ni ya nani? Hiyo siyo siri, na watu wa ofisini wanalijibu hata wale wasiotaka kujibu la pili.

Karatasi zenyewe

Hapa ndipo ushindi unapopatikana au kupotea, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

Ya kwanza ni mkataba pamoja na viambatanisho vyake. Usiombe mkataba peke yake. Mkataba mtupu unaweza kuwa kurasa chache zenye jina la kampuni, jumla ya bei na mihuri. Nyama iko kwenye devis quantitatif et estimatif, jedwali linalotaja kila kazi, kipimo chake, wingi wake na bei ya kipimo kimoja. Tuseme jedwali limeandika: mfereji wa zege wa sentimita 80 kwa 80, mita 1,200, vifuniko, idadi fulani, udongo wa kuondoa, mita za ujazo kadhaa. Ukiwa na mstari huo mmoja, hata mwanafunzi mwenye mita ya fundi anaweza kukagua kazi ya serikali.

Ya pili ni ordre de service, amri ya kuanza kazi. Ni ukurasa mmoja. Bila hiyo huwezi kujua kama kampuni imechelewa, na kampuni ikichelewa mkataba kwa kawaida una adhabu za pesa ambazo mtu anapaswa kuzidai.

Kisha zinakuja karatasi za malipo, na hizi zinakwenda mbili mbili. Attachement ni vipimo vya kazi iliyokwisha kufanyika, vinavyochukuliwa pale pale kazini na kusainiwa na mkandarasi pamoja na msimamizi. Décompte ni hesabu ya pesa inayotokana na vipimo hivyo. Ukipata décompte bila attachement utajua kiasi kilicholipwa, lakini hutajua kimelipwa kwa mita ngapi. Ziombe zote mbili, kwa namba, kuanzia ya kwanza. Wizi mwingi wa kazi za umma duniani unapita hapa: mita zinazolipwa zinazidi mita zilizojengwa. Anayetaka kuficha atakupa mkataba kwa furaha na atakuzungusha kwenye attachement.

Ripoti za mission de contrôle ni hazina ambayo watu wanaisahau. Injinia msimamizi anaandika kila mara: mvua zilisimamisha kazi siku hizi, saruji haikufika, zege la upande wa kushoto limepasuka, kampuni imeonywa. Ripoti hizo zililipwa kwa pesa za umma, zinapelekwa kwa mwenye kazi, na ndani yake mara nyingi unakuta lalamiko lako limekwisha andikwa na mtaalamu, ila halijafanyiwa kitu.

Mwisho ni procès-verbal, yaani taarifa rasmi, za kupokea kazi. Iko réception provisoire, kazi inapoonekana imekwisha, na réception définitive, baada ya muda wa dhamana, ambao kwa ujenzi huwa mara nyingi mwaka mmoja. Katikati ya hizo mbili serikali bado inashika sehemu ya pesa za kampuni kama dhamana, na kampuni inapaswa kurekebisha kasoro kwa gharama yake. Ndiyo maana nawaambia watu wa mitaani: kama mnaweza kuchagua wakati, ombeni karatasi ndani ya kipindi hicho. Baada ya réception définitive, kampuni imeshachukua pesa zake zote na hamu ya kujibu simu inapungua.

Zinabaki karatasi ambazo kweli mkandarasi anazishika yeye: journal de chantier, yaani daftari la kila siku la kazi, matokeo ya vipimo vya zege, orodha ya vibarua na malipo yao, mikataba na wakandarasi wadogo. Hata hizi, mwenye kazi na mission de contrôle wana haki ya kuziona, na matokeo ya maabara yanapaswa kufika kwao. Kwa hiyo usiiombe kampuni. Muombe mwenye kazi aiagize kampuni. Majina na mishahara ya vibarua ni mambo yao binafsi, usiyadai. Unaweza kudai idadi yao, na kama vijana wa mtaa waliahidiwa kazi unaweza kudai ahadi hiyo iko kwenye ukurasa gani.

Usimtume kibarua akutolee faili usiku. Atafukuzwa yeye, na karatasi iliyopatikana hivyo haitakusaidia ukifika mbele ya hakimu.

Barua

Iandike kwa Kifaransa, kwa sababu ndiyo lugha ya maofisi, lakini itayarishe kwanza kwa Kiswahili mbele ya wale watakaosaini, isomwe yote, kila mtu aelewe anachosaini. Wanafunzi wa sheria wa UNILU, chuo kikuu cha Lubumbashi, wanaweza kusaidia kuigeuza. Ukurasa mmoja unatosha. Mwili wake uwe karibu na hivi:

"Sisi wakaaji wa avenue hii, commune ya Katuba, ambao majina na saini zetu ziko chini, tunaomba kupewa nakala, au kuruhusiwa kusoma na kupiga picha, za karatasi zifuatazo za kazi ya mfereji iliyoanza mwezi fulani: mkataba pamoja na devis yake; ordre de service; attachements na décomptes zote hadi leo; ripoti za mission de contrôle; procès-verbal ya réception provisoire kama imekwisha fanyika. Tunaomba kwa nguvu ya vifungu vya 24 na 27 vya Katiba na ya sheria namba 10/010 ya tarehe 27 Aprili 2010. Kama sehemu fulani ni ya siri, tunaomba ifichwe sehemu hiyo tu, tutajiwe kifungu kinachoizuia, na tupewe zilizobaki. Kama karatasi iko kwa kampuni, tunaomba mamlaka yenu iiagize, kwa kuwa kazi ni yenu na pesa ni za umma."

Sentensi mbili za mwisho usizikate hata barua ikiwa ndefu. Moja inaziba mlango wa "siri ya biashara", nyingine inaziba mlango wa "sisi hatuna, nenda kampuni".

Juu ya barua, kama desturi yetu ilivyo, weka "Transmis copie pour information à" (nakala kwa taarifa), kisha orodha fupi: gavana, rais wa bunge la jimbo, bourgmestre (mkuu wa commune), ARMP. Usiweke watu kumi na watano. Ofisi ikiona orodha ndefu inajua kwamba kila mmoja atamwachia mwenzake. Kwenye "Concerne", mstari wa kichwa cha barua, andika jina la kazi na mahali, siyo "malalamiko".

Peleka nakala mbili, mkiwa watu wawili. Salimuni vizuri: "Jambo yako, mama. Tumeleta barua ya papa directeur. Utusainie na kwenye nakala yetu, tafadhali." Nakala yenu irudi na muhuri, tarehe, namba ya kuingizwa kwenye daftari la ofisi, na jina la aliyepokea. Muhuri bila tarehe hauna kazi, maana miezi mitatu ya kifungu cha 27 mtaihesabu kutoka wapi? Kama karani anasema mashine ya muhuri imefungiwa, aandike kwa kalamu: imepokelewa, tarehe, jina, saini. Mkikataliwa kabisa, rudini kesho yake na mtu wa tatu, kisha andikeni kwenye nakala yenu ni siku gani na saa ngapi mlikataliwa.

Mkiambiwa mlipe fotokopi, lipeni na muombe risiti. Matabishi (hongo ndogo) hapana. Siyo kwa sababu ya usafi wa moyo peke yake: karatasi uliyoinunua kwa matabishi huwezi kueleza mbele ya watu ilivyokufikia.

Milango mingine, usingojee

Wakati barua inatembea, tumia ule mstari wa "financement". Kama pesa zimetoka Benki ya Dunia, una bahati. Tangu tarehe 1 Julai 2010 benki hiyo ina kanuni inayofanya habari zake kuwa wazi isipokuwa zile zilizotajwa kuwa za siri. Unaomba bure kwenye tovuti yake, na lengo lake ni kujibu ndani ya siku 20 za kazi. Mradi wa maji wa PEMU, uliogusa Kinshasa, Lubumbashi na Matadi kupitia REGIDESO, una nyaraka zake huko hadi leo. Benki ya Maendeleo ya Afrika nayo ina kanuni yake ya uwazi. Nimeona mtu akinyimwa ofisini karatasi ambayo mfadhili ameiweka hadharani; alichokosa ni jina kamili la mradi.

Kuijua kampuni yenyewe, nenda kwenye RCCM, daftari la biashara, linalotunzwa na greffe, ofisi ya karani, ya mahakama ya biashara. Kongo iko ndani ya OHADA, umoja wa nchi za Afrika zenye sheria moja za biashara, tangu Septemba 2012, na daftari hilo limewekwa ili watu walisome, utalipa ada. Utaona kampuni iliandikishwa lini na nani anaiongoza. Kampuni iliyozaliwa muda mfupi kabla ya kupata kazi kubwa inastahili maswali zaidi.

Na bajeti: jimbo linapitisha édit budgétaire, sheria yake ya bajeti, kila mwaka. Tafuta mstari wa kazi yako. Kama haumo, hilo nalo ni jibu la kuandikiwa barua.

Kampuni za migodi

Hizi siyo wakandarasi wa serikali kwa maana kamili, lakini zinachimba mali ya taifa kwa kibali cha taifa, na hapa Haut-Katanga ndizo watu wanaziuliza zaidi. Kwa mikataba ya mali asili kuna amri namba 011/26 ya tarehe 20 Mei 2011, inayotaka kila mkataba uchapishwe ndani ya siku 60. Mingi, ikiwemo ya Gécamines (kampuni ya madini ya serikali) na washirika wake, inasomeka kwenye resourcecontracts.org na kwenye taarifa za ITIE-RDC, mpango wa uwazi wa mapato ya madini. Tazama huko kabla hujapoteza nauli.

Mkataba wa Sicomines wa mwaka 2008, kati ya Kongo na kampuni za China, wa madini kwa miundombinu, unaonyesha faida ya karatasi kuwa mezani. Mwezi Februari 2023 Inspection générale des finances, ofisi ya serikali ya kukagua fedha, ilitoa ripoti ikionyesha kwamba miundombinu iliyofanywa ilikuwa ya dola milioni 822, kutoka bilioni 3 zilizoahidiwa. Mazungumzo yakafunguliwa upya, na Machi 2024 ikasainiwa nyongeza inayopandisha fungu la miundombinu hadi dola bilioni 7.

Kwa mtaa au kijiji kilicho karibu na mgodi, karatasi ya kudai ni cahier des charges. Sheria ya migodi ilivyorekebishwa na sheria namba 18/001 ya tarehe 9 Machi 2018 inailazimu kampuni kukubaliana na jamii juu ya shule, maji, barabara na mengine. Jamii ni upande mmoja wa makubaliano hayo, siyo mgeni anayeomba kuchungulia. Mkiambiwa nakala iko kwa kampuni tu, jibuni: aliyesaini kwa jina letu ni nani, na nakala yake iko wapi? Sheria hiyo hiyo inataka angalau asilimia 0.3 ya mauzo ya mwaka iende kwenye miradi ya jamii, na inagawa redevance ya madini (malipo ya kampuni kwa serikali kwa madini inayoyachimba) hivi: asilimia 50 kwa serikali kuu, 25 kwa jimbo, 15 kwa mamlaka za chini zenye eneo la mgodi, 10 kwa mfuko wa vizazi vijavyo. Ile 15 inapita kwa commune au chefferie yenu, kwa hiyo hesabu zake dai pale pale nyumbani.

Wakikaa kimya

Baada ya mwezi, peleka lettre de rappel, barua ya kukumbusha, fupi ikiwa na fotokopi ya barua ya kwanza yenye muhuri. Miezi mitatu ikipita bila jibu, Katiba yenyewe imevunjwa, na sasa mna kitu cha kuonyesha.

Mlango ninaoutanguliza ni mbunge wa jimbo wa eneo lenu. Bunge la jimbo linaweza kumuuliza waziri kwa mdomo au kwa maandishi, linaweza kumwita, linaweza kuunda tume ya uchunguzi. Mpelekeeni swali likiwa limeandikwa tayari, na namba za karatasi ndani yake. Mbunge ana mambo mengi. Swali lililokwisha andikwa linasomwa, malalamiko ya mdomo yanasahauliwa kwenye ngazi. CNDH, tume ya taifa ya haki za binadamu, nayo inapokea malalamiko. Kwa upande wa mahakama, sheria namba 16/027 ya tarehe 15 Oktoba 2016 inapanga mahakama za kesi dhidi ya utawala. Muda wake ni mkali, kwa hiyo muone wakili mapema. Wasio na uwezo waulizie Bureau de consultations gratuites ya barreau, chama cha mawakili, ambako ushauri ni bure.

Ukishazipata

Gawanya bei kwa idadi. Ndiyo hatua ya kwanza na mara nyingi inatosha. Mwaka 2024 shirika la kiraia la ODEP, linalofuatilia matumizi ya pesa za umma, lilipouliza juu ya mkataba wa 2021 wa vituo 1,000 vya maji uliokuwa na bei ya karibu dola milioni 398, kila Mkongomani aliweza kufanya hesabu hiyo kichwani: karibu dola 398,000 kwa kituo kimoja. Hapo mjadala ukawasha nchi nzima na ofisi ya mwendesha mashtaka ikafungua uchunguzi. Yote yalianza na namba mbili zilizosimama kwenye mkataba mmoja.

Kisha tembeeni na mita. Pimeni upana, kina na urefu, hesabuni vifuniko, pigeni picha mita ikiwa ndani ya mfereji, namba zionekane. Andikeni safu tatu: mkataba unasema nini, attachement inasema nini, ardhi inasema nini. Panapotofautiana, msimwite mtu mwizi. Sheria ya adhabu ya Kongo inaadhibu kumzulia mtu jambo la kumharibia jina, na kesi ya aina hiyo itawamaliza nguvu. Semeni: ukurasa wa 14 unasema mita 1,200, sisi tumepima 860, tunaomba maelezo. Namba zinauma vya kutosha.

Jedwali hilo libandikeni kwa Kiswahili kwenye ukuta wa shule au kanisa, na nakala ya Kifaransa ipelekwe CGPMP, ikiwa na muhuri kama ile barua ya kwanza, kabla ya siku ya réception définitive. Ndani yake ombeni kualikwa siku hiyo, na muombe vipimo vyenu viambatanishwe na procès-verbal.